Karani wa Visulisuli

Kwa wiki tatu sikupata usingizi wa maana kwa sababu ya tarakimu moja. Ilikuwa nane. Niliinakili mimi mwenyewe kutoka daftari la shambani kwenda karatasi ya ofisi, na kila nilipofumba macho nilijiuliza kama niliinakili sawa, na kama sikuinakili sawa, je, yule mzee alijua? Swali la kwanza ningeweza kulijibu kwa kwenda kuuliza. La pili ndilo lililonitesa, kwa sababu sikuwahi kuona tarakimu ikipita mbele yake bila kupekuliwa.

Naandika haya kwa hasira. Nimejaribu mara nne kuandika kwa utulivu, na kila mara nikajikuta nimeandika barua ya kumsifu marehemu, hali yeye yu hai na hapendi kusifiwa.

Tulimwita Karani. Ofisi yetu ya Arusha ilikuwa na makarani wengi, wa barua, wa stoo, wa magari, lakini ukisema Karani tu, bila kuongeza neno, kila mtu aligeuza shingo kuelekea chumba cha mwisho, kwenye meza iliyokuwa na mashine ya hesabu ya mpini. Ilikuwa mashine nzito, nyeusi, ya kuzungushwa kwa mkono: mbele kwa kujumlisha, nyuma kwa kutoa, na ukivuka sifuri hulia kengele ndogo. Sisi wengine tulisikia kengele ile kutwa nzima. Yeye alisema haisikii, ila ikilia pasipopaswa.

Kazi ya ofisi ilikuwa kujua dawa ya wadudu inakwenda wapi inapomwagwa na ndege. Mwingereza aliyetuongoza, tuliyemwita Bwana Mtaalamu, aliwahi kufanya kazi kwenye viwanda vya ndege huko kwao, na alijua jambo ambalo wenye mashamba hawakulijua: dawa haianguki kama mvua. Bawa la ndege likipita huacha hewa inayojisokota nyuma yake, kama uji unavyojisokota nyuma ya mwiko. Kila ncha ya bawa huacha kisulisuli kimoja kilicholala ubavu, kirefu kama njia iliyopitiwa na ndege, na dawa iliyo laini huingia humo ikazungushwa na kubebwa.

Kukitazama kisulisuli hicho si rahisi, kwa hiyo tulikikokotoa. Bwana Mtaalamu alichora bawa, Karani akaligawa kuwa nukta kumi na mbili kila upande, na kila nukta ikawa kisulisuli kidogo chenye nguvu yake. Kila nukta husukuma nyingine zote. Iliyo karibu husukumwa sana, ya mbali kidogo. Unajumlisha misukumo yote inayoipata nukta ya kwanza, kisha ya pili, hadi ya mwisho. Halafu unazisogeza zote hatua moja ndogo, sehemu ya sekunde. Halafu unaanza upya, kwa sababu zimeshahama na misukumo imebadilika. Hiyo ni hatua moja. Karatasi ya kazi moja ilikuwa na hatua arobaini, wakati mwingine sitini. Kitu ambacho ndege hukiacha hewani kwa muda wa kufunga kamba za viatu, Karani alikipitia kwa wiki tano.

Ardhi nayo ilikuwa na mambo yake. Ndege za dawa huruka chini, na hewa haiwezi kupenya udongo. Ili hesabu ikubali hilo, unaweka chini ya ardhi visulisuli vingine vya kubuni, vinavyozunguka kinyume, kila kimoja kikiwa kivuli cha kilicho juu. Nilipotoka chuoni Kampala nikapewa kiti katika chumba chake, nilimweleza jambo hilo kwa fahari ya mtu aliyelisoma kitabuni mwezi uliopita. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Hawa wa chini nawajua," akasema. "Hawapo, lakini ukiwasahau, walioko juu wanazama mchangani. Nimeishi nao miaka tisa. Wewe umeishi nao tangu lini, msomi?"

Jina langu likawa hilo. Msomi. Hakulitamka kwa heshima hata siku moja.

Alikuwa na misemo michache na aliitumia kama mtu anavyotumia kisu kimoja kwa kila kazi. "Hatua ndefu ni ya mwenye haraka ya kukosea." Huu ulimlenga Bwana Mtaalamu, ingawa hakuwahi kumwambia usoni. Bwana Mtaalamu alitaka hatua ziwe ndefu ili kazi iishe upesi. Lakini ukizisogeza nukta mbali mno kwa mkupuo mmoja, zile za kwenye ncha, ambako safu hujikunja kama jani changa la mgomba, hurukana, zikapita mahali ambapo hewa haiwezi kupita, na kufikia hatua ya kumi na tano zimetawanyika kama kuku. Bwana Mtaalamu alichukua kalamu ya risasi akachora mstari laini katikati ya fujo ile. Karani aliutazama mstari huo kama mtu anayetazama mate kwenye sakafu ya msikiti. Bwana akitoka, aliikunja karatasi, akaichukua nyingine, akaigawa kila hatua mara nne, akaanza upya tangu ndege ilipopita.

Mwaka mmoja baadaye nilisoma katika taarifa iliyochapwa kwamba "mwandishi aligundua umuhimu wa hatua fupi". Mwandishi alikuwa Bwana Mtaalamu. Niliipeleka kwa Karani. Aliisoma, akanirudishia.

"Kiingereza kizuri," akasema, akazungusha mpini.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanzia, na nikiri kwamba haikuwa kwa Mwingereza peke yake. Kwa Mwingereza ningeielewa. Ni hasira waliyokuwa nayo wengi nchini miaka ile. Hasira yangu kwa Karani ilikuwa ngumu kuibeba. Nilimuuliza kwa nini hasemi. Akanijibu kwamba kazi yake ni kukokotoa. Nikamuuliza kama haoni kwamba ameibiwa. Akasema nukta ya saba inamsubiri. Mtu aliyenitupia karatasi mbele ya matarishi kwa sababu nilikosea tarakimu ya sita baada ya nukta ya desimali, tarakimu ambayo hakuna chombo chochote Arusha kingeweza kuipima, mtu huyo huyo aliacha jina lake lipotee bila hata kukunja uso.

Nilijaribu kumwelewa kwa njia nyingi, maana ndivyo nilivyo. Nikipewa mlango ulio wazi nitachunguza bawaba. Nilifikiri ni woga. Lakini nilimwona akimzuia Bwana Mtaalamu kwa mkono kifuani, kweli kweli, mkono kifuani, asiweke kikombe cha chai juu ya karatasi zake. Nilifikiri ni dharau. Lakini chini ya kila karatasi, baada ya kila hatua, alijumlisha safu yote kuangalia kama jumla imebaki vilevile, kwa kuwa visulisuli vinaweza kukimbizana vyovyote lakini jumla yao haibadiliki, na ikitoka sawa aliandika "sawa" kwa herufi za Kiarabu, ndogo, pembeni. Bwana Mtaalamu alidhani ni pambo. Mtu mwenye dharau haandiki "sawa" mara sitini kwa ajili ya kazi ambayo haitakuwa na jina lake.

Siku moja walimpeleka shambani. Miaka yote ile hakuwahi kuiona ndege ikifanya kazi. Kila siku alikuja ofisini kwa miguu kutoka kwake Levolosi, mwendo wa mtu anayefukuzwa, na kurudi hivyo hivyo. Rubani aliruka na moshi wa rangi badala ya dawa, na ule moshi ukajikunja nyuma ya bawa, ukashuka, ukagusa karibu na nyasi, ukaanza kutambaa kwenda nje pande zote mbili, kama karatasi zake zilivyosema. Mimi nilitokwa na machozi, bado sijui kwa nini. Karani alisimama amefunga mikono nyuma.

"Unaonaje?" nikamuuliza.

"Nukta ya tisa imechelewa," akasema.

Alikuwa sahihi. Tulitazama karatasi tuliporudi: bawa la ndege ile lilikuwa na kiraka ambacho mchoro haukukionyesha. Bwana Mtaalamu alikisimulia kisa hicho kwa wageni mwaka mzima, na kila mara alikianza kwa kusema "mashine yangu ya Kiafrika". Wageni walicheka. Karani, kule chumba cha mwisho, aliendelea kuzungusha.

Saa yake ya mkononi iliwekwa Kiswahili. Jua likizama, mishale yote miwili ilikuwa juu, kwenye kumi na mbili. Bwana Mtaalamu aliiona akampa jina la fundi wa saa mjini. Karani alishukuru. Nilipomwambia angeeleza tu, alisema, "Yeye ndiye mgeni. Aulize."

Basi, ile nane.

Juu ya shamba kubwa la kahawa la Mzungu mmoja, upande wa Meru, kuna vihamba vya watu wetu, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, na katikati mfereji wa maji ambao ndio mpaka. Kihamba cha baba yangu ni cha tatu kutoka mfereji. Msimu ule ndege ilinyunyiza shamba la Mzungu, na siku mbili baadaye nyuki wa baba walikutwa chini ya mizinga kama maharage yaliyomwagika. Mbuzi wa jirani walikufa. Mama alivimba macho, na aliponiona Jumapili baada ya ibada hakunilaumu, aliniuliza tu: "Ndiyo kazi unayofanya huko, mwanangu?" Wazee wakapeleka malalamiko, wakitaka ndege isiruke tena karibu na mfereji.

Ofisi yetu ikaambiwa itoe jibu. Karani angekokotoa visulisuli vilifika wapi siku hiyo, na kwa hilo alihitaji upepo. Upepo ulikuwa kwenye karatasi ya chombo chetu cha kuupima, saa kwa saa. Kilichobaki ni kujua ndege iliruka saa ngapi, na kuichukua saa hiyo daftarini ilikuwa kazi yangu. Siku zote rubani mwenyewe aliandika, kwa Kiingereza, saba, saba na nusu, kwa kuwa amri ilikuwa kuruka asubuhi upepo ukiwa umelala. Siku hiyo mwandiko ulikuwa wa mwangalizi wetu wa shambani, mtu wa Lemara. Aliandika: 8. Nikaandika kwa Kiingereza: nane asubuhi, yaani saa mbili yetu.

Karani aliliona daftari likiwa wazi mezani kwangu. Akauliza, "Saa nane ya nani?"

Nilikuwa nimechoka na nilikuwa bado nina uchungu wa ile tarakimu ya sita. Nikasema, "Nane ni nane, Karani."

Akanitazama kidogo, akaenda kukokotoa. Kwa hewa tulivu ya asubuhi, visulisuli vilitambaa vikafa kabla ya mfereji. Taarifa ikapigwa chapa: dawa haikuvuka mpaka, malalamiko hayana msingi, ndege itaendelea msimu ujao.

Mwezi uliofuata walimwachisha kazi. Ilikuja mashine ya umeme, na macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Barua ya kumuaga ilimtaja kama tarishi. Hakuirudisha ili isahihishwe.

Wiki tatu baada ya hapo, bila usingizi, nilikwenda Lemara nikamuuliza mwangalizi. Hakuelewa hata ninauliza nini. "Saa nane," akasema. "Baada ya chakula. Rubani alichelewa, akasema maliza leo hii. Kwani kuna saa nane nyingine?"

Saa nane mchana upepo wa Meru hupanda mlima. Hupanda kila siku. Nilizaliwa ndani yake.

Nilikwenda kwa Bwana Mtaalamu kwanza. Naomba hilo likumbukwe, ingawa najua nilikwenda kwa kuwa nilitaka mtu mwingine aamue. Alisikiliza, akafunga mlango, akasema taarifa imeshatoka na wiki ijayo ataisoma mbele ya wazee, na mimi nitakuwa mkalimani wake. Kisha akasema kwa upole kwamba saa ile imeandikwa kwa mkono wangu, si wake, na kijana wa kwanza wa mlimani kuajiriwa kwa shahada asingependa kujulikana kwa kutojua saa.

Kutoka hapo nikaenda Levolosi. Karani alikuwa kibarazani kwake, baada ya Alasiri, ameegemea ukuta, uso ameuelekeza barabarani ambako sidhani aliona zaidi ya vivuli.

"Shikamoo, Karani."

"Marahaba. Msomi huyo. Umekuja na karatasi, nazisikia."

"Nilikosea saa."

"Najua."

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza mara moja."

"Ulitaka uulizwe mara ngapi? Wewe bi harusi?"

Nikapandwa na hasira yote ya miaka miwili. Nilimwambia kwamba tarakimu ya sita, isiyomdhuru mtu yeyote, aliitupa usoni kwangu mbele za watu, na tarakimu iliyoficha kilichoua nyuki wa baba yangu akaiacha ipite. Nilimwambia kwamba "sawa" yake aliiandika chini ya uongo. Mkewe alichungulia mlangoni, akarudi ndani.

Karani akaacha kuegemea ukuta.

"Hesabu ilikuwa sawa," akasema. "Nilichopewa ndicho kilichokuwa kibovu. Nimejiambia hivyo kila siku tangu nilipotoka pale, na sauti yangu mwenyewe imeshaanza kunichosha." Akajifuta macho, na hayakuwa machozi, ni maradhi. "Miaka kumi na moja nilimwachia yule bwana aseme atakalo, nikaona ni ujanja, kwamba yeye ana maneno na mimi nina hesabu. Siku ile nikaona msomi naye ana lugha yake, na aendelee. Lile ni kosa langu. Usinipunguzie. La kwako unalo, lishike mwenyewe."

Nikamwomba akokotoe upya kwa upepo wa mchana. Akanionyesha macho yake kwa kidole.

"Utakokotoa wewe. Una jedwali la logi?"

"Ninalo. Lakini bila mashine..."

"Soma."

Nilikwenda kwake jioni nne mfululizo nikitoka kazini. Wiki tano hatukuwa nazo, kwa hiyo aliniambia niligawe bawa kuwa nukta tatu tu kila upande. Nilikokotoa kwa jedwali na kalamu, nikimsomea kila jumla kwa sauti, naye amefumba macho akisema "endelea" au "rudia". Sijui alizishikaje kichwani nukta zile zote. Jioni ya tatu, hatua ya kumi na nne, jumla ilikataa kwa kiasi kidogo kabisa, nikasema haitabadilisha kitu.

"Rudia."

"Karani, mkutano ni keshokutwa."

"Nani alikwambia nyuki wa baba yako wanataka jibu la haraka? Wameshakufa. Rudia."

Nikarudia. Nilikuwa nimesahau kivuli kimoja chini ya ardhi.

Jioni ya nne upepo ulikiinua kisulisuli cha upande wa juu ukakipeleka. Nilisoma kimoyomoyo mahali kilipofika.

"Kimefika wapi?" akauliza.

"Kimevuka mfereji."

"Kinazunguka bado?"

"Bado. Hadi kihamba cha tatu."

"Jumla?"

Nikajumlisha. Nikamsomea. Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akapapasa ukingo wa karatasi, akaandika neno lake kwa Kiarabu, limepinda, limepanda juu ya tarakimu zangu.

Nilimuuliza kama niandike jina lake mwanzoni mwa karatasi, na nilidhani namtendea haki.

"Miaka yote hamkulihitaji," akasema. "Leo kuna lawama, mnalitafuta. Weka lako."

"Nitafukuzwa."

"Inawezekana."

"Ndiyo ushauri wako?"

"Sikukushauri. Umeniuliza jumla, nimekwambia sawa." Kisha, nilipokuwa nimeshasimama, akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia chumba cha mwisho: "Na ukiwaambia, sema polepole. Watu wa kule wamezoea kuambiwa upesi."

Mkutano ulikuwa uwanjani, nje ya shule ya misheni. Wazee walikaa kwenye mabenchi ya wanafunzi, magoti juu. Mama alikuwa nyuma na wanawake wenzake. Bwana Mtaalamu alisimama na taarifa, mimi kushoto kwake. Alisoma sentensi moja moja akiniachia nafasi, na kwa muda nilitafsiri kama nilivyolipwa kutafsiri: ndege, urefu, aina ya dawa. Nilikuwa bado napima. Niliwaza barua ya kunifukuza, nikawaza pengine mwangalizi amekosea yeye, nikawaza kwamba naweza kungoja nikaandika barua baadaye, kwa utulivu, kwa hoja.

Kisha akasoma kwamba ndege iliruka saa mbili asubuhi, upepo ukiwa umelala, akanigeukia.

Wazee walinitazama. Mmoja alikuwa amekinga sikio kwa kiganja.

"Anasema saa mbili asubuhi," nikasema kwa Kimeru, polepole. "Si kweli. Ilikuwa saa nane mchana, na upepo ulikuwa unapanda kuja kwenu. Mimi ndiye niliyeandika saa mbaya, na hesabu iliyo sahihi ninayo hapa."

Bwana Mtaalamu akaniuliza kwa Kiingereza mbona tafsiri imekuwa ndefu. Nikamtafsiria yeye pia, neno kwa neno. Kisha nikazitoa karatasi kwenye koti, nikavuka uwanja, nikamwekea mapajani yule mzee aliyekinga sikio, nikachuchumaa kando yake, nikaanza na hatua ya kwanza.